Gari ya Maalim na Kamshafti ya Mbio

Kisa hiki nilikuwa nimeazimia kufa nacho, na lau si kuwa mtaa wetu mzima wa Kibokoni wakijua kuliko ninavyokijua mimi mwenyewe (wako watoto wa chuoni ambao siku ile hawakuwako kabisa, na bado huuigiza ule mlio wakinipita mlangoni), ningekaa kimya nikanywa kahawa yangu. Lakini aibu ikishatoka nje hairudi ndani kwa kufunga mlango, kwa hivyo bora niisimulie mimi, maana wenzangu huongeza chumvi, na huyo Hamza ndiye mwenye gunia zima la hiyo chumvi.

Marehemu babangu alikuwa mwalimu wa shule, watu wakimwita Maalim, na alipofariki alituachia vitu viwili vinavyojulikana mtaani: jina zuri na gari kuukuu ya rangi ya samawati. Jina tuligawana sote, gari ikanifikia mimi, Fuad, mtoto wake mkubwa, na mpaka leo nikiwa na mvi zangu watu huiita Gari ya Maalim kana kwamba mimi ni dereva tu wa kuajiriwa. Haikuwa na kasoro, wallahi, ila ilikuwa polepole. Baba alipokuwa akiiendesha nilidhani ule upole ni tabia yake, kumbe nilipoirithi nikagundua kuwa nusu ya ile tabia ilikuwa ya gari.

Sasa siku moja naupanda mwinuko wa daraja la Nyali, nimekanyaga mafuta mpaka mguu umekufa ganzi, nasikia honi nyuma yangu, pi pi pi, natazama kwenye kioo naona tuktuk, na tuktuk yenyewe imebeba magunia mawili ya nazi na bibi mmoja mnene aliyeyakalia kitako. Ikanifikia, ikaenda sambamba nami kwa muda (huo ndio muda mrefu zaidi maishani mwangu), kisha dereva akatoa kichwa nje na kuniuliza kwa adabu zake zote, "Fuad! Nikuvute?" Akaenda zake. Yule bibi naye akanipungia mkono.

Dereva huyo ndiye Hamza, na Hamza mimi na yeye twakaa baraza moja kila siku baada ya Alasiri, kwa hivyo mwafahamu yaliyonipata. Kila nikifika huulizwa kama nimevutwa au nimekuja mwenyewe. Nikimwaga kahawa huulizwa kama nataka kuvutwa. Wiki tatu nzima! Mtu mwenye akili angecheka pamoja nao yakaisha, lakini mimi ni mtu wa kujibu, na jibu nikaamua kulitia ndani ya injini.

Gari ile tangu enzi za baba fundi wake ni mmoja, Fundi Kahindi, Mgiriama wa Kaloleni mwenye gereji yake Bondeni, mtu wa maneno machache na chai nyingi ya tangawizi. Nikamwendea na kifurushi nilichokinunua katika duka la spea la bwana mmoja wa Kibohora, kilichokaa juu ya kabati lake miaka kwa miaka, na ndani yake mna kamshafti mpya ya injini kama yangu, lakini ya mbio, ya wale waliokuwa wakishindana na magari zamani. Fundi akaifungua karatasi, akaigeuzageuza ile fimbo ya chuma, akapitisha kidole gumba juu ya vinundu vyake, kisha akaniketisha juu ya tairi.

"Bwana Fuad," akasema, "injini yapumua kama wewe. Valvu ndizo pua zake, na vinundu hivi ndivyo vinavyozifungua. Kamshafti ya babako vinundu vyake vifupi, vyafungua pua kidogo na kuifunga mapema, ndipo gari yake yaenda polepole bila matata. Hii vinundu vyake virefu, tena vinene. Yafungua pua wazi, na kuiacha wazi muda mrefu. Ikikimbia, pumzi yaingia tele, utapata nguvu mpaka ushangae. Lakini polepole, mlango wa kutoka haujafungwa na wa kuingia ushafunguliwa, pumzi yaingia huku yatokea kule, injini yabaki kutetemeka kama mwenye homa. Nguvu zote ziko juu. Huku chini hakuna kitu."

"Mimi nazitaka hizo za juu," nikasema.

"Na springi za valvu itabidi nitie ngumu zaidi, maana pua ikifunguliwa hivyo springi ya zamani haiwahi kuifunga. Na springi ngumu yakandamiza. Hapa," akagusa ncha ya kinundu, "na hii tapeti inayokaa juu yake. Chuma chala chuma. Kitu hiki hakidumu kama cha babako." Akanywa chai, akanitazama. "Kwani wenda wapi?"

"Nampita Hamza."

Akakiweka kikombe chini, akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyefunga dirisha mvua ikaingia mlangoni.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, kwa sababu bila ya hilo mtaona hiki ni kisa cha mtu mzima mjinga na gari yake, na mimi ningependa mjue kuwa ujinga wangu ulikuwa na thamani zaidi ya hapo. Ndugu yangu Nassir, kitindamimba wetu, alikuwa aoe Jumapili ile. Nassir alikuwa na miaka sita babetu alipofariki, na mamangu, ambaye hana mazoea ya kuomba kitu, alikuwa ameniomba kimoja tu. "Babake hayuko kumpeleka," aliniambia, "basi gari yake na impeleke." Nikamwahidi kwa kuweka mkono kifuani. Tena nikajidanganya kuwa hii kamshafti ni kwa ajili ya harusi hiyo hiyo, kwamba gari ya bwana harusi haifai kuwa goigoi. Mtu akitaka kufanya upuuzi hakosi jina zuri la kuuita.

Kazi ikachukua siku tatu, ikamalizika Alhamisi jua likielekea kuzama, na fundi alikuwa hata hajaiwasha injini. Akaniambia, "Sikiliza vizuri. Kamshafti mpya, dakika ishirini za kwanza ndio maisha yake. Ikiwashwa, mafuta ya injini yarushwa juu yake kwa kasi ya mzunguko, kwa hivyo yataka ikanyagwe, ingurume kwa nguvu dakika ishirini bila kupunguza, chuma na chuma vizoeane. Ukiiacha ikazunguka polepole, yasuguka kavu. Sasa hapa karibu na msikiti, na adhana yakaribia, siwezi kuwapigia watu kelele wakiswali. Nenda ukaswali, urudi, nitaiwasha mimi."

Dakika ishirini, jamani, hizo tu ndizo nilizoombwa! Lakini baraza ya Kibokoni nayo ilikuwa ikinisubiri, maana nilishawatangazia wote kuwa leo watasikia kitu, na nikawaza kwamba kuingurumisha injini kwa kusimama na kuingurumisha njiani ni mamoja. "Nitaikanyaga nikienda," nikamwambia, nikatia ufunguo. Fundi akafungua mdomo, adhana ikaanza, akaufunga (yeye ni mtu wa kanisa, lakini adhana huiheshimu kuliko baadhi yetu, na huyo baadhi yetu alikuwa kwenye usukani).

Kuikanyaga njiani, wapi! Mzunguko wa kwanza wa barabara tu nimekuta magari yamefungana, nimekaa nikisogea hatua moja moja, na nilipofika Kibokoni nikafanya lile ambalo nikilikumbuka hushika kichwa. Niliegesha mbele ya baraza, nikaiacha injini ikizunguka polepole, nusu saa nzima, wasikie. Kwa sababu ule mlio ndio ulikuwa raha yenyewe! Gari ya Maalim iliyokuwa ikinong'ona sasa ikawa dugu-dugu, dugu-dugu, vikombe vya kahawa vyatetemeka juu ya sinia, paka wa jirani kapanda ukuta, wazee watoka madirishani. Hamza akaizunguka mara mbili, akainama kuchungulia chini yake. Nilikuwa na furaha, siwafichi. Kumbe muda wote ule vile vinundu vilikuwa vikisuguliwa vikavu, na mimi nimesimama kando na kikombe mkononi, natoa tabasamu.

Ijumaa baada ya swala nikampata Hamza darajani. Mwanzo wa mwinuko gari haikuwa na chochote, yajikokota, mpaka nikaogopa nimetapeliwa, kisha nikakamua kwa gia ya pili, mshale ukapanda, ukapita pale injini ya baba ilipokuwa ikikata tamaa, na hapo ikaamka. Ilinisukuma kwenye kiti! Nikampita Hamza kwa mlio ambao nadhani ulisikika bandarini, nikatoa kichwa nje nikapiga kelele, "Nikuvute?" na upepo ukanitwaa kofia. Sikurudi kuifuata. Hiyo, ndugu zangu, ilikuwa raha ya kweli, na sitaikana hata leo, ila ilikuwa raha ya kama dakika moja.

Jumamosi mke wangu Zuhura, nilipokuwa nikimpeleka kuchukua asumini za harusi, akaniuliza, "Mbona kama mtu yuwagonga humu ndani?" Na kweli palikuwa na tik, tik, tik chini ya boneti. Nikamwambia ni springi mpya hizo, zazoea. Nani aliyeniambia kuwa springi huzoea kwa kugonga? Hakuna. Nilijua pa kwenda kuuliza, ni mwendo mfupi tu, lakini ningemwambia nini fundi juu ya zile dakika ishirini?

Jumapili ikafika. Nikaha ilikuwa Bondeni, katika msikiti wa mtaa wa kina bibi harusi, saa kumi na nusu, na walii wa kumwoza bibi harusi ni ami yake, Mzee Badi, aliyefanya kazi reli umri wake wote na ambaye siku ya posa alitwambia maneno mawili tu, karibuni, na kwamba kwake yeye saa kumi na nusu ni saa kumi na nusu. Tena sheikh wa kufungisha alikuwa na nikaha nyengine Kizingo kabla ya Magharibi, kwa hivyo tukichelewa sheikh aenda zake, na mambo yetu yabaki hewani mbele ya wageni wote na halwa yao.

Nassir akatoka nyumbani kwa kanzu nyeupe, joho la dhahabu na kilemba, mwembamba kama alivyo siku zote. Mamangu alikuwa dirisha la juu. Alipomwona ameingia kiti cha mbele cha gari ya mumewe, akajifunika uso kwa leso kidogo, akaifunua, akanitikisia kichwa. Mbele wakajipanga wapigaji dufu na vijana wa qasida, nyuma jamaa na majirani, na msafara ukaondoka kama misafara yetu yote inavyoondoka, kwa hatua za mtu anayefurahia safari kuliko kufika.

Na hapo, wakati dufu zishaanza na siwezi kurudi nyuma, ndipo nilipofahamu maneno ya Fundi Kahindi, kuwa huku chini hakuna kitu. Nilikuwa nimetia kamshafti ya kushindania mbio ndani ya gari ya kufuatia dufu.

Kwa mwendo ule haikuwezekana. Nikiachia klachi gari yaruka kama mbuzi, Nassir na kilemba chake wagonga mbele, wagonga nyuma. Nikikanyaga mafuta ili isizime, yanguruma mpaka qasida haisikiki, na mpiga dufu mkubwa ageuka kunitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikipunguza, yazima. Ikazima mbele ya muuza halwa, nikaiwasha. Ikazima mbele ya fundi cherehani, nikaiwasha. Jasho lanitoka hata chini ya magoti. Na ile tik, tik ya jana sasa ilikuwa tak, tak, tak, na silinda moja ishasusa kabisa.

"Kaka," Nassir akasema polepole, "ni salama?"

"Ni springi," nikamjibu, nikakanyaga kwa nguvu, na injini ikapiga baruti.

Sio kwa nyuma kwenye ekzosi, la, kwa mbele, ndani ya boneti, PAA, ukatoka moshi kwenye kila tundu la gari ile, na sehemu ya moshi huo ikapita kwenye matundu ya hewa hadi juu ya kanzu ya bwana harusi. Nyuma yetu mtu akapiga kelele kuwa ni mtungi wa gesi, jamaa wakatawanyika, mwenye mkokoteni wa maji akauacha katikati ya njia akakimbia. Juu madirishani, akina mama wakidhani tumeleta fataki, wakapiga vigelegele! Na wa mbele nao, waliposikia mshindo na vigelegele, wakaona msafara umenoga, wakazidisha dufu, wakakata kona, wakaenda zao. Wallahi wakaenda. Msafara wa bwana harusi ukaondoka bila bwana harusi, wakiimba.

Nikajaribu kuwasha, haikukohoa hata kidogo. Nyuma twazibwa na mkokoteni, mbele peupe, dufu yasikika ikififia. Saa yangu yaonyesha kumi na robo na kitu. Nassir alikuwa akijipangusa masizi kifuani, na kila akipangusa yaenea zaidi, akaniambia, "Kaka, n'shuke niende kwa miguu? Si mbali."

Na kweli si mbali, ni dakika chache kwa miguu, angefika. Lakini mimi nilimwona mamangu na leso yake dirishani, nikajiona nikimwambia jioni kuwa gari ya Maalim ilimwacha mwanawe njiani, tena si kwa uzee wake, ni kwa mikono yangu. Nikamwambia, "Usishuke. Nakuomba, usishuke."

Fundi Kahindi alikuwa miongoni mwa waalikwa, na shati lake jeupe la kanisani. Akaja, akafungua boneti, akasema nipige stata, akasikiliza, akainama akasikiliza tena, akanijia dirishani. Hakunikaripia, na laiti angenikaripia. "Kinundu kimelika," akasema. "Valvu ya kutolea haifunguki tena, moshi warudi ulikoingilia. Hii haiwaki leo, bwana Fuad."

Basi tumekaa vile, watu wamenizunguka kila mmoja na shauri lake, mara nasikia nyuma ya mkokoteni, pi pi pi.

Ndiye Hamza. Yuko ndani ya kanzu yake ya Idi, tuktuk ameipamba kwa asumini, amebeba masinia ya halwa na machupa ya kahawa ya kupeleka msikitini. Akausukuma ule mkokoteni kando, akapenyeza tuktuk baina ya gari yangu na baraza ya watu, pembamba hivi, akasimama mbele yangu. Kila mtu alijua ni neno gani linalokuja, na wengine walishaanza kuficha midomo. Akashuka, akaja dirishani, akamwona Nassir na masizi yake, akaniona mimi, sijui aliona nini usoni mwangu. Akasema kwa sauti ndogo, bila kucheka, "Fuad. Nikuvute?"

"Nivute," nikasema.

Akatoa kamba chini ya kiti chake. Fundi Kahindi akaifunga (shati la kanisani likaharibika palepale), jamaa wakaja nyuma kusukuma, na Gari ya Maalim ikaanza kwenda. Dufu zilikuwa zimeshatuacha, injini imekufa, hapakuwa na mlio wowote ila magurudumu na pumzi za wanaosukuma, kisha mmoja huko nyuma akaanza kumswalia Mtume, wengine wakamwitikia, kwa sauti tupu, nyumba na nyumba zatwitikia. Nilishika usukani sina kazi nyengine. Harufu ya asumini yaja kutoka tuktuk. Nikaona kwamba moyo wangu umetulia, katikati ya aibu kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, umetulia kabisa.

Nassir akaniuliza, "Baba alikuwa akiiendesha hivi?"

"Hivi hivi," nikamwambia. "Polepole namna hii."

Akatabasamu, akatazama nje ya dirisha mpaka tukafika.

Mzee Badi alikuwa amesimama mlangoni mwa msikiti na saa mkononi. (Baadaye nilihadithiwa kuwa wapigaji dufu walifika, wakaimba mpaka ubeti wa mwisho, wakafungua njia kwa heshima ili bwana harusi apite, na hakupita mtu, na Mzee Badi akauliza, "Mmemleta nani?") Sasa akaiona tuktuk yakata kona, kisha kamba, kisha gari ya samawati, kisha watu thelathini waliolowa jasho na kanzu zao, kisha bwana harusi mwenye kifua cheusi. Nilishuka nikamvua Nassir joho lake nikampa langu, lililokuwa pana la kuficha masizi, na nikajiandaa kwa lolote. Mzee akaitazama saa. Dakika mbili kabla ya saa kumi na nusu.

"Wale wamekuja na kelele bila ya bwana harusi," akasema, "nyinyi mmekuja na bwana harusi bila ya kelele. Ingieni."

Nikaha ikafungwa, halwa ikaliwa, sheikh akawahi Kizingo yake. Nilipokwenda kwa mamangu nikamweleza yote bila kuficha, tuktuk, kamba, baruti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Lakini ilimfikisha?" Nikasema ilimfikisha. "Na yeye yumo ndani?" Yumo ndani. "Basi," akasema, na ndipo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akanambia nirudie pale wapigaji dufu walipokwenda peke yao.

Jumatatu nikaenda gereji na kichwa changu chini. Fundi Kahindi aliitoa ile kamshafti akaniwekea mkononi: vinundu vyengine bado virefu, na kimoja kilichokuwa na umbo la yai kimekuwa mviringo kama gololi, kimeliwa chote kwa siku tatu tu. Sikusema kitu juu ya dakika ishirini, naye hakuuliza. Akaingia ndani akatoka na kitambaa na trei ya mayai. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kamshafti ya babangu, imepakwa mafuta. Ndani ya trei, badala ya mayai, tapeti zake za zamani, kila moja katika shimo lake, na kila shimo limeandikwa nambari kwa kalamu.

"Hizi zimesuguana na vinundu vyake miaka yote," akasema, "kila moja yamjua mwenzake. Ukizichanganya zalana. Ukizirudisha kila moja mahali pake, zaendelea zilipokomea." Injini akaisafisha unga wote wa chuma, akazirudisha moja moja kwa nambari.

Alipokuwa akifunga nati ya mwisho akanambia kitu ambacho hakuwahi kunambia. "Babako pia aliniuliza kuhusu kamshafti ya mbio. Zamani, wewe mdogo."

Nilishangaa. Babangu? Maalim?

"Naam. Kuna mtu alikuwa akimpita. Nikamuuliza, Maalim, kwani wenda wapi? Akafikiri sana, akanambia, naenda skuli, sokoni na msikitini. Akamaliza chai yake, akaenda zake."

"Mbona mimi hukuniuliza hivyo?"

"Nilikuuliza," akasema Fundi Kahindi.

Basi nimeapa sitatia tena kitu kipya ndani ya gari ile mpaka kwanza nijibu swali hilo kwa ukweli. Kamshafti ile iliyoliwa nimeitundika ukutani kwangu, penye njia ya kutokea. Hamza hunipita darajani kama kawaida, na magunia yake, na mabibi zake. Hupunguza mwendo akiwa sambamba nami, akatoa kichwa nje, akauliza lile swali lake. Nami humwambia ahsante, leo sina haraka, naenda sokoni tu.